UZI: Mteremko wa Nairobi na swali la nani aishi wapi

1/ Kila mvua kubwa ikinyesha Nairobi, mjadala huwa ni ule ule. Upande mmoja unasema, "Hao watu walijenga mtoni, walitarajia nini?" Upande mwingine unajibu, "Serikali inachukia maskini." Baada ya wiki mbili jua linawaka, matope yanakauka, na sote tunahamia mada nyingine hadi Aprili ijayo. Leo wacha turudi nyuma ya hizo kelele tuulize swali la historia: ilikuwaje maskini wakajikuta kule chini na wenye pesa kule juu? Kama kawaida ya nyuzi zangu, sitaji mwanasiasa wala chama. Ni hoja tu. Chukua chai, huu ni mrefu.

2/ Tuanze na ardhi yenyewe. Wengi wetu tunadhani Nairobi ni tambarare. Si kweli. Ni kama meza ambayo mtu ameinua miguu ya upande mmoja. Limuru, nje kidogo ya jiji, iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Karen inapita mita 1,800. Tao pale ni takriban 1,660. Ukifika Ruai unakaribia 1,500. Kwa hivyo ukipanda matatu asubuhi kutoka upande wa Kikuyu, ubadilishe tao, uende hadi Ruai, umeshuka mita mia kadhaa bila kuhisi chochote. Wewe hujahisi, lakini maji yanahisi.

3/ Ndiyo maana mito yetu yote mikubwa inakimbilia upande mmoja, mashariki. Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unapita Dagoretti na Kawangware, unaingia tao, unapita Gikomba, halafu Korogocho na Dandora. Mto Mathare unapita kando ya Parklands na Muthaiga kabla ya kuingia bonde la Mathare. Mto Ngong unatoka upande wa Dagoretti, unapita Kibera, unaingia Bwawa la Nairobi, halafu unaelekea Industrial Area na Mukuru. Mwishowe yote hujiunga na mto Athi, na maji hayo huishia Bahari ya Hindi karibu na Malindi.

Soma tena hiyo orodha ya majina polepole. Karibu kila mto unapita kwa wenye nacho kwanza, kisha kwa wasio nacho. Shika hiyo, tutairudia.

4/ Kitu cha pili ni udongo. Magharibi na kaskazini mwa jiji kuna udongo mwekundu uliotokana na volkano. Ni wenye rutuba na unanyonya maji haraka. Mvua ikinyesha Kabete asubuhi, mchana unatembea na viatu safi. Mashariki na kusini kuna udongo mweusi, ule mafundi wa mjengo huuita "black cotton". Ukipata maji unavimba na kunata. Ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Hauruhusu maji kupita. Kujenga juu yake kwa njia salama lazima uuchimbe na kuutoa wote kwanza, na hiyo ni gharama. Sisi tuliokulia Eastlands tunaujua kwa jina lingine: ile matope ya kubeba kiatu kizima.

5/ Kabla ya reli, watu walishautumia mteremko huu kwa akili. Wamaasai walilisha mifugo kwenye nyanda za nyasi upande wa chini, na jina lenyewe la Nairobi linatokana na maneno yao ya maji baridi. Agikuyu walilima kwenye migongo ya milima upande wa juu, wa udongo mwekundu, na kati yao palikuwa na misitu ambayo mabaki yake ndiyo Karura na Ngong. Hakuna aliyejenga mji kwenye kinamasi cha mafunjo kilichokuwa kando ya mto. Hawakuwa wamekosa ujuzi wa kujenga. Walijua tu kwamba pale chini ni pa ng'ombe kunywa maji, si pa mtu kulala.

6/ Halafu ikaja reli. Ilianza Mombasa mwaka 1896, na Mei 1899 ikafika hapa. Wahandisi hawakuwa wanatafuta mahali pazuri pa mji. Walikuwa wanatafuta uwanja. Mbele yao kulikuwa na mpando mkali wa kwenda Limuru, kisha mteremko wa kuingia Bonde la Ufa. Walihitaji mahali pa mwisho penye usawa pa kupanga mabehewa, kujenga karakana na kuweka bohari, na penye maji ya kutosha injini za mvuke. Nairobi ilikuwa na hayo yote. Kwa hivyo mji wetu ulizaliwa kama gereji ya treni. Sehemu iliyofaa magari ya moshi ndiyo iliyochaguliwa, na binadamu wakapangwa kuizunguka.

7/ Na walipangwa vipi? Kwa urefu wa ardhi, karibu sawasawa na cheo. Maafisa wakubwa wa reli walijengewa bangalo zao kwenye kilima cha magharibi mwa stesheni, ile sehemu ambayo leo tunaiita Upper Hill. Wafanyakazi wa vyeo vya chini walikaa bondeni karibu na reli. Vibarua wa Kihindi waliwekwa kwenye nyumba za mistari zilizoitwa landi, na jina hilo bado liko: kila siku maelfu ya watu hupita Landhies Road bila kujua wanataja kambi ya vibarua. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa na bazaar yao, vibanda vya mbao na mabati, pale chini penye unyevu. Waafrika hawakuwa kwenye mpango kabisa. Walihesabiwa kama watu waliokuja kufanya kazi na ambao wangerudi kwao.

8/ Sasa hapa ndipo historia inageuka. Mwaka 1902 tauni ilizuka kwenye bazaar. Serikali ya kikoloni ikaichoma. Tauni huletwa na viroboto wa panya, na panya hupenda mahali palipobanana, penye nafaka na pasipo na mitaro. Bazaar ilibanana kwa sababu wenye maduka walipewa kipande kidogo cha ardhi chenye maji. Lakini somo ambalo wakubwa walijifunza halikuwa "tuwape nafasi na mitaro." Somo lilikuwa "hawa watu ni hatari, wawekwe mbali." Mwaka 1904 madaktari wa mji walipendekeza mji wote uhamishwe kutoka kwenye kinamasi. Pendekezo hilo halikufanyika. Reli na majengo vilikuwa vimeshagharimu pesa nyingi mno. Kwa hivyo mji ukabaki palepale, na kazi ikawa kuamua nani atabaki kwenye unyevu na nani atapanda.

9/ Uamuzi huo uliandikwa rasmi. Tauni ilirudi tena miaka ya 1911 hadi 1913, na mwaka 1913 mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, Profesa William Simpson, akatoa ripoti. Ilipendekeza makazi yatenganishwe kwa rangi kwa sababu za afya. Angalia jinsi hoja inavyofanya kazi: ubaguzi haukuletwa ukiitwa ubaguzi, uliletwa ukiitwa usafi. Wazungu wangepata sehemu za juu zenye hewa na udongo unaokauka. Mwisho wa mwaka huo huo wa 1913, Klabu ya Muthaiga ikafunguliwa juu ya mto Mathare. Tarehe zinakaa karibu hivyo.

10/ Hapa najua mtu atasema: "Lakini Waafrika si walijitafutia wenyewe kule chini?" Hapana. Miaka ya kwanza ya mji, Waafrika walijenga vijiji vyao sehemu mbalimbali: Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani. Na kimoja kiliitwa Kileleshwa. Ndiyo, Kileleshwa hii hii ya leo, ya magorofa yenye lifti na bwawa la kuogelea. Kilikuwa kijiji cha Waafrika, na kilibomolewa miaka ya 1920. Pangani nacho kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Waliotoka Pangani walijengewa makao mapya, wakayapa jina Shauri Moyo. Hilo jina peke yake ni insha.

11/ Walipelekwa wapi? Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Pumwani ilitengwa kuwa makazi rasmi ya Waafrika, kwenye ardhi ya chini kando ya mto Nairobi. Jirani yake ni Kariokor, jina lililotokana na kikosi cha wabeba mizigo wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Kwa miaka mingi nyumba za serikali na za waajiri zilijengwa kwa ajili ya mwanamume mmoja na kitanda chake. Mke na watoto walitarajiwa kubaki mashambani. Mwenye kutembea mjini alibeba kipande shingoni. Ukishangaa kwa nini nyumba nyingi za zamani za Eastlands zina chumba kimoja na choo cha pamoja nje, jibu ni hilo. Zilijengewa kibarua. Familia haikuwa kwenye hesabu.

12/ Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba ubaguzi wa makazi mijini haungekuwa tena sera rasmi. Karatasini, vizuri sana. Lakini mikataba ya ardhi ilikuwa na masharti yake, bei za ploti zilikuwa na masharti yake, na aliyekuwa amemiliki kilima aliendelea kukimiliki. Nataka tukumbuke jambo hili kila tunaposikia mtu akisema "sheria hiyo ilifutwa zamani, kwa nini mnalalamika?" Sheria inaweza kufutwa kwa siku moja. Barabara, bomba na ploti haziwezi.

13/ Mwaka 1948 ulichapishwa mpango mkuu wa Nairobi kama mji mkuu wa koloni, ulioandikwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini. Ulizungumzia mitaa kamili, yenye shule na maduka karibu. Kwenye karatasi haukutaja rangi kama zamani, ila ulichukua mgawanyo uliokuwepo na kuupanga vizuri zaidi. Mitaa ya Waafrika kama Kaloleni na Ziwani, na baadaye Bahati, Makadara na Jericho, yote iko mashariki, karibu na reli na viwanda. Kazi na kulala viliwekwa upande wa chini. Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, jeshi lilifanya msako mkubwa ulioitwa Operesheni Anvil, na maelfu ya watu wa Eastlands wakapelekwa vizuizini. Ilikuwa rahisi kuzingira upande mmoja wa mji kwa sababu watu walikuwa wameshapangwa upande mmoja.

14/ Kisha 1963. Uhuru. Mipaka ya mji ikapanuliwa hadi karibu kilomita mraba 700. Mstari wa rangi ukaondoka, na mahali pake ukaingia mstari wa pesa, palepale ulipokuwa ule wa kwanza. Mwafrika mwenye cheo alihamia Lavington au Kilimani, na hilo ni jambo zuri, hakuna anayemlaumu mtu kwa kupanda. Lakini ramani haikubadilika. Sheria za mipango ya mji ziliendelea kutaka ploti kubwa, nusu ekari na zaidi, sehemu kama Karen, Muthaiga na Runda. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kitaalamu: sehemu hizo hazikuwa na mabomba ya majitaka, kwa hivyo kila nyumba ilihitaji tangi lake la choo ardhini, na ardhi ya kutosha kunyonya maji. Udongo mwekundu unaweza hiyo kazi. Ule mweusi hauwezi. Angalia tu matokeo: ukiwa na ploti ya nusu ekari kama sharti la chini, hujaandika popote "maskini asiingie", lakini hataingia.

15/ Sasa twende kwenye taka, kwa sababu hapa mteremko unaonekana wazi kuliko mahali pengine. Majitaka husafirishwa kwa bei nafuu yakiteremka yenyewe bila pampu. Kwa hivyo mabomba makubwa ya jiji yanashuka mashariki, kwenda mitambo ya Kariobangi na ile ya Ruai. Taka ngumu nazo zikafuata. Dandora ilianza miaka ya 1970 kama mradi mzuri wa makazi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia: watu walipewa ploti zenye maji na choo wajijengee polepole. Miaka hiyo hiyo, machimbo ya mawe yaliyokuwa jirani yakageuzwa jalala la jiji zima. Mwaka 2001 jalala hilo lilitangazwa kuwa limejaa. Limeendelea kupokea malori hata baada ya hapo. Chupa aliyoitupa mtu Westlands, moshi wake unavutwa na mtoto Korogocho.

16/ Mtu wa hesabu atasema: "Si ni fizikia tu? Maji machafu yanashuka, huwezi kuyapandisha." Sawa. Basi tutumie fizikia hiyo hiyo kwa maji safi. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi inatoka Aberdare. Bwawa la Ndakaini lilianza kazi 1994. Maji husafishwa Ng'ethu, kisha huteremka hadi matangi ya Gigiri, kwenye ardhi ya juu. Kutoka pale yangepaswa kuendelea kuteremka. Kwa sheria ya mteremko, mtu wa chini ndiye mwenye presha nzuri kwenye mfereji wake. Eastlands ilipaswa kuwa inaoga kwa mvuke.

Lakini nani anayeamka saa tisa usiku kuangalia kama mfereji umetoa maji? Nani ananunua mtungi wa lita 20 kutoka mkokoteni, na kwa kila lita analipa zaidi ya mtu mwenye bomba ndani ya nyumba?

17/ Hilo ndilo jambo moja ningependa ubaki nalo kutoka kwa uzi huu wote. Maji machafu ya Nairobi yanafuata mteremko. Maji safi hayafuati. Tofauti kati ya hayo mawili haikuletwa na kilima, imeletwa na upana wa bomba, na upana wa bomba huamuliwa na watu ofisini kwa kuangalia nani yuko mwisho wa laini. Kwa hivyo mtu akikwambia hali ya Eastlands ni "jiografia tu", muulize kwa nini jiografia inafanya kazi kwa choo na haifanyi kazi kwa mfereji.

18/ Tuje Mathare, kwa sababu ndiyo inayotajwa zaidi mafuriko yakija. Lile bonde lilikuwa na machimbo ya mawe, na mawe ya kule yalijenga mji. Yaani ardhi ilichimbwa ikajenga tao, kisha shimo lililobaki likawa makao ya waliokosa nafasi tao. Sensa ya 2019 ilipata takriban watu 69,000 kwa kila kilomita mraba katika kaunti ndogo ya Mathare. Westlands ilikuwa na takriban 3,200. Ni haki kusema kwamba Westlands ina msitu wa Karura ndani yake, kwa hivyo hesabu hiyo inashushwa na miti. Lakini hata ukiutoa msitu, huwezi kufikia 69,000. Watu wakibanana hivyo, kando ya mto huwa haichaguliwi. Ndiyo nafasi inayobaki.

19/ Pingamizi la haki: "Mbona Kibera, Kawangware na Kangemi ziko magharibi? Mbona Eastleigh iko chini na ina pesa? Mbona South C hufurika na si mtaa wa maskini?" Maswali mazuri, na yanasaidia hoja yangu. Kibera ilianza kama ardhi waliyopewa wanajeshi wa Kinubi na familia zao, zaidi ya ekari 4,000 zilizotangazwa rasmi 1918, lakini hawakupewa hatimiliki. Ilikuwa juu kuliko Pumwani, na bado wakaazi wake walibaki bila haki. Majirani zao walipata hati na uwanja wa gofu. Eastleigh iliinuka kwa biashara, si kwa udongo; mvua ikinyesha bado utaona barabara zimejaa maji mbele ya maduka ya mamilioni. South C iko kwenye ardhi tambarare ya udongo mweusi na inafurika kweli, lakini maji yakiisha, mwenye nyumba pale ana hati yake, na hakuna anayekuja na tingatinga kumwambia alikosea kuishi pale.

20/ Na hata wazo kwamba matajiri daima hupenda vilima si kanuni ya dunia. Mombasa wenye pesa wamefuata ufuo, nenda Nyali ujionee. Rio de Janeiro, Brazili, maskini wengi ndio walioko milimani na matajiri wako chini ufuoni. Mteremko wenyewe hauna siasa. Huwa unasubiri mtu mwenye nguvu aamue upande upi ni wa heshima, kisha hupokea amri.

21/ Sasa turudi kwenye mafuriko. Aprili na Mei 2024 mvua iliua zaidi ya watu 200 nchini. Nairobi, Mathare na Mukuru ni kati ya mitaa iliyoumia sana. Serikali iliamuru walio karibu na mito waondoke, na nyumba nyingi zikabomolewa. Hoja ya usalama ni ya kweli, sitaki kuidharau. Aprili 2016 jengo lilianguka Huruma kando ya mto wakati wa mvua kubwa, na takriban watu 50 wakafa. Mto hauna huruma na hauulizi historia yako.

Lakini maji yale yalitoka wapi? Mengine ni mvua iliyoanguka palepale. Mengine yalishuka kutoka juu. Miaka 20 iliyopita Kilimani, Kileleshwa na Lavington zilikuwa na nyumba za bustani, na ule udongo mwekundu ulikuwa unanyonya mvua. Leo pana magorofa, na bustani zimekuwa maegesho ya saruji. Tone lililokuwa linazama sasa linakimbia mtaroni, mtaro unaingia mtoni, na mto unashuka. Mwenye maegesho hajavunja nyumba ya mtu. Ila maji ya paa lake yamefika Mukuru.

22/ Kwa hivyo tunaposema "ukingo wa mto ni wa mto", tuseme hivyo kwa mto mzima. Sheria na kanuni zetu zinataja vipimo tofauti, kuanzia mita 6 hadi 30, na hapo ndipo mawakili hula. Mwaka 2018 hata jumba la maduka lilibomolewa Westlands kwa sababu lilijengwa kwenye njia ya maji, kwa hivyo si kweli kwamba wa juu hawaguswi kamwe. Tofauti ni muda na karatasi. Wa juu hupata notisi, kesi, amri ya korti, miaka. Wa chini wengi hupata siku chache, wakati mwingine masaa, halafu tingatinga na kanjo.

23/ Na sasa swali ambalo nadra kusikia kwenye mijadala ya runinga: wapi? Tunaambiwa watu watahamishwa. Sawa. Wapi? Historia yetu ina jibu moja linalojirudia. Kijiji cha Kileleshwa kilivunjwa, na makazi rasmi ya Waafrika yakawa Pumwani. Pangani ikapelekwa Shauri Moyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 waliofukuzwa vibandani karibu na tao wakaishia Korogocho, kando ya mto na kando ya jalala. Kila mara ilikuwa ni kwa ajili ya afya, usafi au usalama wao. Kila mara walienda mashariki zaidi, chini zaidi, mbali zaidi na kazi. Nauli ikapanda, na baada ya miaka michache wengine wakarudi mtoni kwa sababu mtoni unaweza kutembea hadi kibaruani.

24/ Kwa hivyo ukisikia mgombea yeyote, wa upande wowote, akiahidi kusafisha mito na kuhamisha watu, usishangilie na usizomee bado. Muulize haya manne:

Watahamia wapi, na ni kilomita ngapi kutoka kazini kwao?
Sehemu hiyo ina bomba la maji la upana gani, na la majitaka linaelekea wapi?
Waliojenga juu ya mto huo huo watatakiwa kufanya nini kuhusu maji ya paa zao?
Na mpangaji, si landilodi, atapata nini? Maana wengi walioko mtoni wanalipa kodi kila mwezi kwa mtu asiyeishi pale.

Akijibu yote, huyo amefanya kazi ya nyumbani. Akijibu la kwanza kwa kusema "tutaangalia", umeshajua ni wapi: chini zaidi.

25/ Nimeona wengi wa rika langu wakisema historia ya ukoloni imechosha, tuzungumze ya leo. Naelewa. Lakini mimi nasoma siasa, na kila nikifuata bomba la leo naishia kwenye ramani ya zamani. Wahandisi wa 1899 walitafuta mahali pa kupumzisha treni. Zaidi ya miaka 120 baadaye, mtoto wa Mathare bado anaishi na uamuzi huo kila Aprili, pamoja na maamuzi yote tuliyoongeza sisi wenyewe baada ya bendera kupanda. Hayo ya pili ndiyo tunaweza kuyadai sasa, kwa majina na kwa bajeti, kwa sababu waliyoyafanya bado wako ofisini au wameacha faili ofisini.

26/ Uzi ujao: bajeti ya kaunti inasomwaje, na ni ukurasa gani utakuonyesha mtaro wa kwenu umetengewa shilingi ngapi. Kama unaishi kando ya mto au umewahi kuhamishwa, niandikie ulipelekwa wapi na nauli ilibadilika vipi. Wenye hoja tofauti mnakaribishwa pia, mradi tusitusiane.